Mwanangu, Usifurahie Bei ya Vita

Mwanangu, kaa kwanza. Chai bado ya moto, na hao wanaokupigia honi barabarani watasubiri.

Nimesikia mlivyochangamka machimboni Machi 2025, waasi wa M23 walipokuwa wanausogelea mji wa Walikale kule Kongo. Mgodi wa bati wa Bisie ukasimama, kampuni ikaondoa watu wake, na bei ya bati duniani ikaruka. Habari hiyo ilifika Kyerwa haraka kuliko mbolea ya ruzuku. Mwenzenu mmoja akasema, tena kwa kicheko, kwamba wakipigana mwaka mzima yeye atahamia Kayanga mjini na pikipiki mpya.

Sikumgombeza. Kicheko kile nakijua. Nilikuwa nacho mimi mwaka 1994.

Wewe ulikuwa hujazaliwa. Aprili ile watu walichinjwa Rwanda, na Mto Kagera ukatuletea waliouawa. Mto huu ambao kwako ni mpaka tu, ulipitisha miili siku baada ya siku mpaka Ziwa Victoria. Wanawake waliacha kuchota maji. Samaki hatukula kwa muda mrefu, na hadi leo wapo wazee ambao hawamgusi.

Kisha wakaja walio hai. Rusumo, wilayani Ngara, walivuka watu kama robo milioni kwa muda wa siku moja tu, kati ya tarehe 28 na 29 Aprili. Huku kwetu walikuja makundi kwa makundi, wakawekwa Chabalisa, Kagenyi, Rubwera, Omukariro, Burigi. Rubwera hii hii unayokwenda kufuatilia karatasi zako, siku hizi makao makuu ya wilaya ya Kyerwa, ilikuwa maturubai na moshi.

Habari za wakimbizi zimesimuliwa sana. Zetu sisi wenyeji hazisimuliwi, kwa hiyo nisikilize. Tulifanya biashara. Mkimbizi alipewa mahindi, maharage na mafuta ya kopo. Hakuwa na ndizi, hakuwa na chumvi ya kutosha, hakuwa na kuni. Mimi nilikuwa na ndizi, na kilima kizima cha miti. Mkungu mmoja ulinirudishia mahindi ya kulisha nyumba siku nyingi. Nikaajiri vijana wakakata mikaratusi ya babu yako. Ikaisha. Wakapanda kwenye msitu wa kilimani, ule usiokuwa na mwenyewe. Mwisho nikaangusha hata miti ya kivuli iliyokuwa juu ya kahawa.

Mahindi ya msaada yalishuka bei mpaka anayelima ya kwake akaonekana mshamba. Nikaacha kulima. Kibanja kikaota majani, kahawa ikakaa bila kupogolewa. Na kaka yako mkubwa, mwanangu wa kwanza, nikamtoa shule akiwa darasa la sita, awe anasukuma baiskeli ya kuni kwenda kambini. Niliona ni akili. Mwalimu wake alikuja hapa, akakaa hapo hapo ulipokaa. Nilimwonyesha magunia yaliyopangwa ukutani, nikamwuliza shule yake inampa mtoto nini. Hakunijibu. Alikunywa maji akaondoka.

Desemba 1996 serikali ikatangaza kwamba ifikapo tarehe 31 Wanyarwanda wote wawe wamerudi kwao. Wengi hawakutaka, wengine walijaribu kukimbilia ndani zaidi ya nchi, askari wakawarudisha. Barabara zilijaa vichwa vilivyobeba mizigo. Muda si mrefu kambi zikawa tupu. Soko langu liliondoka kwa miguu.

Nilibaki na kilima kisicho na mti, kibanja chenye nyasi, na kijana aliyeona haya kurudi kukaa dawati moja na wadogo zake. Hakurudi. Mwaka uliofuata nilinunua kuni. Mimi niliyekuwa nauza! Kaka yako unamwona, anahangaika, anatulisha, hajawahi kunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Kuna jambo jingine nililolielewa nikiwa nimechelewa. Kambini walikuwamo waliokimbia kuchinjwa, na walikuwamo waliochinja. Wakubwa wa zamani, wale waliowaamuru watu wao kuua, ndio mara nyingi walioshika orodha za chakula. Waliandikisha watu wasiokuwapo, wakachukua mgawo wao, wakauuza. Sehemu ya mahindi yale niliyoshangilia urahisi wake ilitoka mikononi mwao. Nilikuwa mteja wao mzuri, na nilikuwa nawasalimia.

Wakimbizi waliondoka, bunduki hazikuondoka zote. Miaka mingi baadaye mabasi yaliyopita mapori ya Burigi na Biharamulo yalisindikizwa na polisi wenye silaha, na bado watu walitekwa. Msafiri wa kwenda Mwanza alishona hela kwenye pindo la sketi. Wewe unapita njia hiyo usiku ukiwa umelala, hujui kwamba tuliilipia.

Utaniambia, mama, vita ile ilikuwa ya Wanyarwanda wenyewe. Nami nilikuwa nasema hivyo. Ngoja nikurudishe nyuma kidogo.

Oktoba 1978 askari wa Idi Amin waliingia nchini, wakachoma, wakaua, wakaswaga ng'ombe. Daraja la Kyaka likavunjwa, na Amin akatangaza kwamba ardhi yote ya kaskazini mwa mto sasa ni Uganda. Watu walikimbia na magodoro kichwani na watoto mgongoni. Mwalimu Nyerere akasema tutampiga, tukampiga. Mgambo wa vijijini walioacha majembe walikwenda pamoja na jeshi. Brigedi nyingine ilielekea Masaka, nyingine Mbarara. Gaddafi alimletea Amin askari wa Libya, vijana wa jangwani waliokuja kufa Lukaya, mahali ambapo mama zao hawawezi hata kupataja. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, na mkoa wetu, uliokuwa ukiitwa Ziwa Magharibi, ukapewa jina la Kagera.

Sisemi Mwalimu alikosea. Ningeulizwa leo, ningesema apigwe tena. Ila nyimbo za ushindi hazina ubeti wa gharama. Vita ile inakadiriwa kuwa ilitugharimu kama dola milioni 500, na nchi ilikuwa maskini kabla ya risasi ya kwanza. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977, mafuta yakapanda bei duniani, ukame ukaja. Mwalimu akatuomba tufunge mikanda kwa miezi 18. Tulifunga. Miezi 18 ilipita, na mwaka 1982 mimi nilikuwa nafua nguo kwa majani ya mpapai.

Usicheke, povu linatoka kidogo. Nguo nyeupe inageuka rangi ya uji, lakini harufu ya jasho inapungua. Duka la kijiji lilikuwa na kaunta, mzani na muuzaji mwenye kalamu sikioni. Bidhaa ndiyo haikuwapo. Sabuni ilikuwa ng'ambo ya Murongo, upande wa Kikagati, katika nchi ile ile tuliyokwenda kuikomboa. Kahawa ikavuka usiku, sabuni na chumvi zikarudi alfajiri. Nani hakufanya magendo? Hata walinzi wa magendo walioga kwa sabuni ya magendo. Mwaka 1983 ukaja msako wa wahujumu uchumi, na watu wakazika vitenge chini ya migomba. Kipande cha sabuni kikamfanya mtu mwema kuwa mhalifu.

Mwaka 1986 serikali ikakubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, baada ya mabishano ya miaka. Miaka iliyofuata zikaja bei mpya, michango ya shule, na kulipia matibabu. Sabuni zilirudi madukani, sikatai. Lakini ndiyo maana nakwambia kuingiliwa na wageni si lazima kuje na kifaru. Nchi ikichoka kwa vita, anayekuja na kalamu anaamua mengi kuliko aliyekuja na bunduki, na mwenye nyumba anaweka sahihi kwa sababu watoto hawajala.

Na hapa niseme jambo ambalo wazee wenzangu hawapendi nilitaje. Kule Uganda sisi ndio tulikuwa wageni. Askari wetu walikaa huko mpaka mwaka 1981. Obote, rais aliyepinduliwa na Amin, alirudishwa madarakani kwa uchaguzi wa Desemba 1980 ambao wapinzani wake waliukataa, na Februari 1981 Museveni, aliyepigana upande wetu dhidi ya Amin, akaingia msituni. Mwaka 1982 watu wenye asili ya Rwanda wakafukuzwa Ankole, wengine wakavukia huku Karagwe na mifugo iliyobaki. Vijana wao wengi wakajiunga na Museveni. Fred Rwigema, aliyekuwa naye tangu vita vya Amin, ndiye aliyeongoza jeshi lililoingia Rwanda tarehe 1 Oktoba 1990. Yeye aliuawa siku ya pili, vita vikaendelea. Vikafika mwaka 1994. Vikavuka kuingia Zaire, ndiyo Kongo ya leo, mwaka 1996, vikamwangusha rais wake Mobutu. Mwaka 1998 vikaanza upya. Rwanda, Uganda na Burundi upande mmoja, Zimbabwe, Angola na Namibia upande wa pili, wote ndani ya ardhi ya Kongo. Juni 2000 majeshi ya Uganda na Rwanda yalipigana yenyewe kwa yenyewe ndani ya Kisangani, siku sita, mabomu yakianguka kwenye nyumba za watu ambao hawakuwa Waganda wala Wanyarwanda.

Sisemi kwamba kila kitu kilitokana na sisi kuvuka mpaka wa Mutukula. Chuki za Rwanda zilikuwapo tangu Wabelgiji, na kabla ya hapo pia. Nasema tu kwamba kila aliyevuka mpaka, mwema kwa mwovu, alidhani anakwenda kumaliza jambo. Hakuna aliyelimaliza.

Sasa nikueleze Kongo kwa lugha ya kwetu. Unaijua butura. Mtu ana shida, mtoto anaumwa, kahawa ndiyo kwanza inatoa maua. Anakuja mwenye hela, anampa kidogo, na mavuno yanakuwa yake. Msimu ukifika mwenye shamba anachuma kahawa ambayo si yake. Kongo imekuwa ikiuzwa butura tangu siku nyingi. Laurent Kabila, aliyemwangusha Mobutu, alianza kutia sahihi mikataba ya migodi mwaka 1997 kabla hata hajaingia Kinshasa, kwa sababu vita inataka fedha leo. Waliomfuata, waasi na serikali, wamefanya hivyo hivyo kwa namna zao. Mwaka 2024 M23 waliichukua Rubaya, huko Masisi, penye koltani nyingi, na Januari 2025 wakaichukua Goma. Mkulima wa Masisi analala juu ya mali na anaomba unga. Mwaka 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda ilipe Kongo dola milioni 325 kwa uharibifu wa vita vile vya 1998. Ni fedha nyingi ukizitaja kwa mdomo. Zigawe kwa wajane uone.

Na sisi huku mpakani hatujaachwa. Mei 2013 Rais Kikwete, akiwa Addis Ababa, aliishauri Rwanda izungumze na waasi wa FDLR walioko Kongo, ambao miongoni mwao wamo waliochinja mwaka 1994. Kigali wakakasirika. Mwaka huo huo askari wetu walikwenda Kongo, pamoja na wa Afrika Kusini na Malawi, kupigana na M23. Maneno yakawa makali kati ya wakubwa. Mwisho wa Julai wahamiaji haramu wa mikoa ya huku wakapewa siku chache waondoke, na Septemba ikaja Operesheni Kimbunga. Majambazi walikamatwa, silaha zilikamatwa, hilo lilikuwa jema. Lakini malori yalibeba pia watu waliozeekea hapa, na wake za watu.

Jirani yangu alikuwa mmoja wao. Alikuja asubuhi na mapema, akanikabidhi kuku wake na jembe, akasema atarudi maharage hayajakomaa. Maharage yake nilivuna mimi, nikampelekea mumewe. Watoto walibaki na baba yao. Alichokosea mama yule ni kuzaliwa upande wa pili wa mto. Na ndiyo maana leo wewe, mwenye babu aliyezikwa Bweranyange, ukiomba kitambulisho cha NIDA unaulizwa maswali ambayo kijana wa Dodoma haulizwi.

Turudi kwenye bati lako. Mwaka 2010 Marekani ilipitisha sheria kwamba kampuni zilizo kwenye masoko yake ya hisa zieleze kama bati, tantali, tangsteni na dhahabu zinazotumia zimetoka Kongo au nchi zinazopakana nayo. Walikuwa na nia njema, wasiwanunulie wauaji risasi. Lakini Tanzania inapakana na Kongo. Mchimbaji wa Kyerwa, ambaye hajawahi kuona muasi hata mmoja, akajikuta anatakiwa kuthibitisha kwamba jiwe lake halina damu. Bila hati inayotambulika na nchi za Maziwa Makuu, mnunuzi wa heshima hakutaka hata kulitazama. Basi mara nyingi bati letu lilivuka mto usiku, likauzwa kwa bei ya huruma, likasafiri duniani kwa jina la nchi nyingine. Wewe hukuyaona hayo, ulikuwa unacheza mpira. Waulize wazee wa machimboni walivyokula makombo.

Kwa hiyo mkikumbuka mlivyoshangilia Bisie iliposimama, kumbukeni pia kwamba moto uliopandisha bei wiki ile ndio ulioshusha bei yenu miaka kumi. Mnaona mwezi mmoja. Najua, mwezi mmoja ndio wenye karo na kodi ya duka.

Sikuambii uache kuchimba. Bati ni la Mungu, na wewe una mikono. Uza kwenye kituo cha kununulia madini, upewe karatasi, hata kama foleni ni ndefu na bei ya kichochoroni inavutia. Akija mtu na gunia usilojua lilikotoka, akakuomba ulichanganye na la kwako ili lipate hati, mkatalie, hata akiwa shemeji. Gunia moja kama hilo likigundulika ng'ambo, wilaya nzima inarudi gizani. Ukiambiwa kuna kazi ya kulinda mgodi Kongo kwa mshahara wa dola, uje uniambie kabla hujajibu. Na kwenye simu yako, acha kuwashangilia M23 au jeshi la Kinshasa kama Simba na Yanga. Wale wanaokimbia kwenye zile video ni watu kama sisi, ndizi zao ni kama zetu, na Kiswahili chao tunakielewa.

Kibanja usikiache. Pogoa kahawa mwaka huu, hata kama chama cha ushirika kimechelewesha malipo. Mimi nilihitaji miaka kumi kukirudisha kibanja nilichokitelekeza kwa miaka miwili na nusu, na miti ya kivuli niliyopanda upya ndiyo kwanza inafika kifuani mwa ile niliyokata.

Wakija wengine kuvuka, na huenda wakaja, wape maji. Uza ndizi zako kwa bei ya sokoni. Usiwauzie shida yao.

Pale Kasulu, mkoani Kigoma, kuna kambi inaitwa Nyarugusu. Ilifunguliwa mwishoni mwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita, wakaambiwa wakae kwa muda. Bado wapo. Watoto waliozaliwa mle sasa nao wamezaa mle mle.